Magadi si kostiki, hata ukiyachemsha mara mia

Lile kopo la kostiki la nusu kilo ambalo wanafunzi wangu wengi walijifunzia kutengeneza sabuni halitengenezwi tena. Maduka ya mtaani yameuza akiba iliyobaki, na tangu iishe simu yangu haitulii. Swali ni lilelile, linabadilisha kanga tu: "Mwalimu, kostiki imekosekana, niweke magadi kiasi gani badala yake?"

Hakuna kiasi. Ukiweka kijiko hupati sabuni, na ukiweka gunia hupati sabuni.

Najua kosa linakoanzia. Ni hilo jina "soda". Kostiki soda, magadi soda, soda eshi, soda ya kuokea mandazi: mtu anayasikia yote anadhani ni ndugu wa tumbo moja, tofauti yao ni ukali tu, kwa hiyo ukikosa mkali utaongeza wapole wafike wengi. Kwa hesabu hiyo hata ile ya chupa inayonywewa baridi ingegandisha mawese.

Mafuta yoyote, yawe ya mawese, mise au nazi, ni asidi tatu tatu zilizofungwa fundo kwenye gliserini. Kutengeneza sabuni ni kulikata hilo fundo, kisha kila asidi iliyoachiwa ishikane na sodiamu. Kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, inakata. Magadi tunayoyapata kutoka Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, na hayo kwa moto wa jikoni hayakati. Soda ya kuokea ni baikaboneti tupu, dhaifu zaidi. Ukiikaanga kwenye sufuria kavu inageuka kaboneti, basi. Umetoka kwa mdogo umefika kwa kaka yake. Kostiki bado hujaiona.

Hapo ndipo ninapoletewa ushahidi: "Mbona shoga yangu alitumia magadi na yakakubali? Yalitoa povu, yakawa mazito kabisa!" Simwiti mwongo. Mawese, hasa ya kienyeji yaliyokaa kwenye dumu miezi kadhaa, huwa na sehemu ya asidi ambazo fundo lao limeshafunguka zenyewe. Hizo zilizo huru magadi yanazikamata, gesi ya kaboni inatoka, chungu kinafura, na kweli sabuni kidogo inapatikana. Kidogo! Hata kama sehemu moja kati ya kumi ya mafuta yako imefunguka, na hayo ni mawese mabaya sana, sehemu tisa zimebaki mafuta. Kinachozizuia zisijitenge ni ile sabuni chache pamoja na maji. Subiri wiki mbili. Mche unaanza kutoka jasho, juu unafanya unga mweupe, harufu inakuwa ya mafuta ya chipsi ya juzi. Nimeletewa miche ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na kila mara mwenye nayo ameshauza nusu.

Kuna ukweli mmoja ndani ya hadithi ya magadi, na nausema shingo upande kwa sababu najua kesho mtu ataujaribu. Kaboneti ikichemshwa na chokaa iliyozimwa kwa maji inatoa kostiki. Ni njia ya zamani ya viwanda. Kwenye karatasi, gramu 106 za sodiamu kaboneti safi na kavu kwa gramu 74 za chokaa hiyo hutoa gramu 80 za kostiki na gramu 100 za chaki inayotuama chini. Inapendeza, sivyo? Sasa njoo jikoni. Magadi yako ya sokoni yana baikaboneti, maji, chumvi na mchanga. Chokaa yako ya kupakia ukuta imekaa dukani ikivuta hewa, sehemu yake imeshageuka chaki. Kazi yenyewe inataka maji mengi, kwa hiyo kinachotoka ni maji mepesi ya kostiki ambayo hujui yana nguvu gani. Nilijaribu nikiwa mgeni wa kazi hii. Nilipata ndoo ya uji wa mawese uliokataa kuganda, na bibi yangu akauliza kama ni chakula cha ng'ombe.

Na sabuni ni hesabu ya gramu. Kilo moja ya mawese inataka karibu gramu 141 za kostiki, kilo ya mafuta ya nazi karibu gramu 183. Ikizidi, sabuni inakula mikono ya mteja. Ikipungua sana, inabaki laini yenye mafuta. Ukipima kitu usichojua nguvu yake, ni sawa na kutopima kabisa. Kwa hiyo kabla hujanipigia kuuliza mbadala, nunua mzani wa dijitali. Vijiko ni vya chai.

Mengine nitayapitia haraka.

"Majivu yanatosha, bibi zetu walitumia." Walitumia, na walipata sabuni laini ya kuchota kwa mkono. Maji ya majivu, hata yale mazuri ya maganda ya ndizi, ni ya potasiamu zaidi kuliko sodiamu, na potasiamu haitoi mche mgumu. Tena sehemu kubwa ni kaboneti, kwa hiyo tumerudi kulekule kwa magadi.

"Unga wa kuzibulia sinki ni kostiki, niweke tu." Mwingine ni kostiki kweli, mwingine hapana. Soma kopo. Kama halikuandikwa kuwa ni sodiamu haidroksaidi peke yake, liache dukani. Ukiona chembe zinazong'aa kama vipande vya sufuria, hiyo ni aluminiamu iliyowekwa makusudi: ikikutana na kostiki na maji inachemka na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Dawa za kuzibulia za majimaji usizisogelee. Baadhi ni asidi ya salfuriki, kinyume kabisa cha unachotafuta. Na wale mnaonitumia mapishi ya Kimarekani yanayotaja Red Devil Lye: ilikuwa kostiki tupu ya kopo, waliacha kuiuza miaka ya 2000. Wenzenu kule walishalia kilio hiki kabla yenu.

"Kostiki lazima ilowekwe siku tatu." Inayeyuka kwa dakika chache. Unachosubiri ni ipoe. Ukiiacha siku tatu kwenye ndoo wazi inavuta kaboni ya hewani na kuanza kugeuka kaboneti, yaani unajitengenezea magadi kwa hela ya kostiki.

"Sufuria ya aluminiamu haina shida nikiwahi." Ina shida, na hutawahi. Tumia plastiki ngumu au chuma cha pua. Na kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya kostiki.

"Ikikurukia, paka siki." Hapana. Maji ya bomba, yanayotiririka, dakika 15 au zaidi. Ikiingia jichoni endelea kuosha huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali.

Sasa kostiki yenyewe iko wapi? Ipo, haijawahi kupotea. Kilichopotea ni kopo. Wauzaji wa kemikali wanayo kwenye mifuko ya kilo 25, vipande vyeupe kama magamba, na usafi umeandikwa juu, kwa kawaida asilimia 98 au 99. Kwa Tanzania, nenda kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kilo 25 ni nyingi kwa mtu mmoja, kwa hiyo changeni watu watano, mgawane siku hiyohiyo kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana, zikae juu wasikofika watoto. Ile ya kupimiwa kutoka gunia lililofunguliwa tangu mwezi uliopita siipendi. Imeshakunywa unyevu, unalipia maji.

Kama huna njia ila ya kupimiwa, vaa glavu na miwani, weka nusu kijiko cha chai kwenye nusu kikombe cha maji baridi, kikombe cha plastiki. Kostiki itapasha maji mara moja. Yakishapoa, mimina kijiko kimoja cha maji hayo kwenye vijiko viwili vya maji ya ndimu. Kostiki nzuri haitoi povu. Likitoka povu kama la soda ya mandazi, umeuziwa magadi. Rudi nayo dukani kabla hawajafunga.