Orodha ya Chaneli za Nje: Jinsi Kanada Inavyodhibiti Televisheni za Kichina

Orodha ya chaneli za nje zilizoruhusiwa ni waraka unaotunzwa na CRTC, tume inayosimamia utangazaji na mawasiliano nchini Kanada, na ndani yake yameandikwa majina ya chaneli za kigeni ambazo kampuni za kebo na za dishi za nchi hiyo zina ruhusa ya kuwauzia wateja wao. Chaneli isiyokuwamo humo haiwezi kuwekwa kihalali katika kifurushi chochote, hata kama watazamaji wanaitaka na mwenye chaneli yuko tayari kuiuza. Kwa jina lake waraka huu unafanana na daftari la karani, lakini chaneli za Kichina zilipobisha hodi, ndipo ilipoonekana kwamba umebebeshwa kazi tatu zisizofanana hata kidogo: kulinda biashara ya utangazaji ya ndani, kuwapatia wahamiaji haki ya kusikia lugha yao, na kuamua ni maneno gani yasiyostahili kuingia sebuleni mwa watu.

Kwanza ni lazima kutofautisha orodha na leseni, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Chaneli ya Kanada hupewa leseni, na leseni huja na wajibu, kama vile kuonyesha kiasi fulani cha vipindi vilivyotengenezwa nchini na kufuata kanuni za maudhui. Chaneli ya nje haipewi leseni, kwa kuwa Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1991 inataka mfumo wa utangazaji umilikiwe na kuongozwa na Wakanada wenyewe. Kinachofanyika ni kwamba mdhamini aliye Kanada, ambaye mara nyingi ni kampuni ya kebo, hupeleka ombi la kutaka chaneli hiyo iongezwe kwenye orodha. Tume hukaribisha maoni ya umma, kisha huamua. Matokeo yake ni kwamba tume haina mamlaka ya moja kwa moja juu ya mhariri aliyeko Beijing, Hong Kong au Roma. Inayoweza kumwajibisha ni kampuni ya Kanada inayosambaza matangazo yake, na adhabu kubwa iliyonayo juu ya chaneli yenyewe ni kufuta jina.

Kufuta jina si tishio la maneno matupu. Chaneli ya Marekani ya muziki wa kantri, CMT, ilisambazwa Kanada kwa takriban miaka kumi, lakini Kanada ilipopata chaneli yake ya muziki huohuo, jina la CMT liliondolewa mwanzoni mwa mwaka 1995. Serikali ya Marekani ilitishia kulipiza kisasi cha kibiashara, na ugomvi ukatulia pale kampuni ya Marekani ilipokubaliana na ile ya Kanada kuwa na hisa ndani yake. Kisa hiki kinaeleza vizuri kusudi la awali la orodha: chaneli ya nje ilikuwa mgeni anayekaribishwa maadamu hajakalia kiti cha mwenyeji.

Dhana ya pili inayohitaji ufafanuzi ni "lugha ya tatu". Katika kanuni za Kanada, lugha ya tatu ni lugha yoyote ambayo si Kiingereza, si Kifaransa, wala si lugha ya wenyeji asilia wa nchi hiyo. Kichina ni lugha ya tatu, Kiitaliano ni lugha ya tatu, na hata Kiswahili, kinachozungumzwa na familia zilizohamia huko kutoka Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo, kimo katika fungu hilohilo. Hivyo kampuni ya kebo ya Toronto ikitaka kuwauzia wateja wake chaneli ya Kiswahili kutoka Dar es Salaam au Nairobi, nayo ingelazimika kupita katika mlango huohuo unaoelezwa hapa.

Kwa Kichina suala hili lilikuwa zito kwa sababu ya wingi wa watu na kwa sababu tayari palikuwa na wenyeji katika soko. Sensa ya mwaka 2006 ilihesabu zaidi ya watu milioni moja nchini Kanada ambao lugha yao ya kwanza ni mojawapo ya lugha za Kichina. Chaneli ya Chinavision ilianza kurusha matangazo katika miaka ya 1980, na kutoka kwake ikazaliwa Fairchild, inayotangaza zaidi kwa Kikantoni, ikiwa na dada yake Talentvision, inayotangaza zaidi kwa Kimandarini. Ukubwa wa Fairchild ulitokana na wimbi la watu waliotoka Hong Kong kabla ya mji huo kurudishwa kwa Uchina mwaka 1997. Wimbi lililofuata lilikuwa la watu kutoka bara la Uchina kwenyewe, wasemaji wa Kimandarini, ambao walikuwa wamezoea chaneli nyingine kabisa. Hao walitaka kuona kile ambacho wazazi wao walikuwa wakikiona jioni hiyohiyo kule walikotoka, na ombi hilo mtu yeyote aliyewahi kuishi mbali na kwao atalielewa bila kuelezwa.

Hadi mwaka 2004 kipimo kikuu kilikuwa ushindani. Chaneli ya nje iliyoonekana kushindana, kwa jumla au kwa sehemu, na chaneli ya Kanada yenye leseni ilirudishwa nyuma, na kwa lugha za tatu kipimo hicho kilikuwa kikali mno, kwani soko lilikuwa dogo na chaneli moja tu ya ndani ilitosha kumzuia kila mgeni wa lugha hiyo. Mwezi Julai mwaka huo tume iliikataa RAI International, chaneli ya kimataifa ya shirika la utangazaji la taifa la Italia, na jumuiya ya Wakanada wenye asili ya Italia ikapaza sauti kubwa. Kabla ya hapo, mwezi Aprili mwaka 2002, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa imeamua katika shauri la Bell ExpressVu, kampuni ya Kanada ya televisheni ya dishi, kwamba ni kosa kufungua mawimbi ya setilaiti yaliyofungwa kwa msimbo bila idhini ya msambazaji halali wa Kanada, hata kama mtazamaji amelipia huduma hiyo kwa kampuni ya nje. Uamuzi huo uliwagusa sana wahamiaji, maana wengi walikuwa na madishi yaliyonasa chaneli za lugha zao kutoka setilaiti za Marekani na kwingineko. Hali ikawa kwamba njia ya pembeni imezibwa na ile halali haijafunguliwa.

Ndipo mwezi Desemba 2004 tume ikatangaza sera mpya juu ya chaneli za lugha za tatu. Mlango ulifunguliwa zaidi kwa chaneli za nje zenye vipindi vya jumla, lakini kwa masharti ya kuzilinda zile chaneli chache za Kanada za lugha za tatu zilizotangulia, Fairchild na Talentvision zikiwamo. Sharti kubwa lilikuwa lile la kununua kwa kuambatanisha: mteja anayetaka chaneli ya nje lazima kwanza awe analipia chaneli ya Kanada ya lugha hiyohiyo. Mtu anayelipia king'amuzi kila mwezi anajua jinsi kifurushi kinavyoweza kumpa chaneli asizozitaka ili apate ile moja anayoitaka. Tofauti ni kwamba hapa mpangilio huo haukutokana na mbinu ya mfanyabiashara, uliwekwa na mdhibiti kwa kanuni ya wazi.

Sera hiyo ilipimwa kikamilifu tarehe 22 Desemba 2006, tume iliporuhusu chaneli tisa za Kichina zilizokuwa zikiuzwa pamoja kwa jina la Ukuta Mkuu, ambazo ombi lake lilidhaminiwa na Rogers, kampuni kubwa ya kebo. Iliyojulikana zaidi kati ya hizo ilikuwa CCTV-4, chaneli ya kimataifa ya shirika la televisheni la taifa la Uchina. Nyingi za zilizobaki zilikuwa za vituo vya majimbo na miji. Kwa upande wa Kimandarini, sharti la kuambatanisha lilimaanisha kwamba mteja anayetaka chaneli hizo awe pia na Talentvision.

Naona sharti hili lina haki kwa upande mmoja na uzito usio wa haki kwa upande mwingine, na sidhani kwamba inafaa kuuficha upande wowote. Chaneli ya ndani ya lugha ya wahamiaji hufanya kazi ambayo kituo cha Beijing hakiwezi kuifanya wala hakina sababu ya kuifanya. Ndiyo inayomweleza mama mzee wa Richmond, British Columbia, mabadiliko ya bima ya afya ya jimbo lake, inayowahoji wagombea wa halmashauri ya mji wake, na inayompa habari ya barabara iliyofungwa mtaani kwake, yote katika lugha anayoielewa. Chaneli hiyo ikifa kwa sababu chaneli tisa za bei nafuu zimemwagwa sokoni, mtu huyo atajua habari za Uchina na asijue habari za mtaa wake. Hata hivyo gharama ya kuilinda iliwekwa kwenye mabega ya mhamiaji peke yake. Mtazamaji wa Kiingereza aliyetaka CNN hakuambiwa alipie kwanza chaneli fulani ya Kanada iliyoteuliwa. Mtazamaji wa Kimandarini aliambiwa hivyo. Ikiwa habari za mtaa kwa lugha ya wahamiaji ni manufaa ya taifa zima, ingekuwa haki zaidi taifa zima lizichangie.

Suala la maudhui lilikuja kwa mlango huohuo, ingawa orodha haikuundwa kwa ajili yake. Wafuasi wa Falun Gong, kundi la kiroho lililopigwa marufuku nchini Uchina, na watetezi wao walipinga CCTV-4 kuruhusiwa, wakisema kwamba shirika hilo limekuwa likirusha vipindi vya kuwachafua na kuwachochea watu dhidi yao. Tume ilikuwa na mfano wa karibu. Mwaka 2004 iliiruhusu Al Jazeera ya Kiarabu kwa masharti magumu, yakiwamo ya kumtaka msambazaji ahifadhi rekodi za matangazo na awajibike kwa maneno yoyote ya kudhalilisha watu, na hakuna kampuni ya kebo iliyokubali kubeba mzigo huo, kwa hiyo ruhusa ilibaki kwenye karatasi. Kwa CCTV-4 tume haikurudia njia hiyo. Iliiruhusu, lakini ikaonya kwamba iko tayari kulifuta jina lake ikithibitika kuwa inarusha maneno ya kudhalilisha. Kwa maneno mengine, hakuna wa kupima kipindi kabla hakijarushwa. Hukumu, kama ipo, huja baada ya tendo na baada ya mtu kulalamika.

Uingereza inafuata utaratibu tofauti, na tofauti hiyo inasaidia kuielewa orodha ya Kanada. Huko chaneli ya nje inayosambazwa kwa kawaida inahitaji leseni ya Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa nchi hiyo, na mwenye leseni sharti awe ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya maudhui. Tarehe 4 Februari 2021 Ofcom iliifutia leseni CGTN, chaneli ya Kiingereza ya dola ya Uchina, kwa sababu kampuni iliyoshika leseni haikuwa inadhibiti uhariri. Mwezi uliofuata ikaitoza faini ya jumla ya pauni 225,000, sehemu yake kwa kurusha maungamo ya Mwingereza mmoja aliyesema alilazimishwa kuyatoa akiwa kizuizini. Malalamiko ya aina hiyohiyo, juu ya CCTV-4 na CGTN, yalipelekwa kwa CRTC mwaka 2019. Mwaka 2022, tarehe 16 Machi, CRTC ilionyesha kwamba inaweza kwenda haraka inapotaka: iliziondoa RT na RT France, chaneli za dola ya Urusi, kwenye orodha, wiki chache tu baada ya vita vya Ukraine kupamba moto.

Nguvu ya orodha, hata hivyo, inaishia pale waya wa kebo na dishi la msambazaji vinapoishia. Inaifunga kampuni inayouza kifurushi. Haimfungi mtu anayefungua programu kwenye simu au kuchomeka kisanduku cha intaneti nyuma ya televisheni na kutazama chaneli za bara la Uchina moja kwa moja, bila mdhamini na bila Talentvision. Sheria mpya iliyoidhinishwa tarehe 27 Aprili 2023 imeiongezea CRTC mamlaka juu ya huduma za kutazama mtandaoni, lakini imejengwa zaidi juu ya michango ya fedha na kuonekana kwa vipindi vya Kanada kuliko juu ya ruhusa ya kuingia, kwa hiyo mwenye chaneli ya Kichina anayewafikia watazamaji wake kwa intaneti hahitaji jina lake liandikwe kwenye orodha yoyote.