Kujidhibiti: maswali ya kwenye benchi ya kliniki

Mimi ni nesi kwa kliniki ya sukari na presha huku Eastlands, na kama umewahi kukaa kwa hiyo benchi ukingoja uitwe unajua stori huwa zinaenda mbali kuliko presha. Watu huniuliza kitu kimoja kwa njia mia: mbona najua chenye nafaa kufanya na sifanyi? Nimekusanya yale maswali hurudi rudi, nikajibu venye ningekujibu tukiwa wawili, na nimeweka pia chenye watafiti wamepata juu hii mambo imechunguzwa kweli, si maneno ya mtu tu.

Sista, kujidhibiti si ni kuwa na roho ngumu tu?

Hapana, na hapo ndo watu wengi hupotelea. Watafiti wakisema kujidhibiti wanamaanisha kazi kadhaa pamoja: kujiwekea lengo, kujiangalia kama bado unaelekea huko, kujirudisha ukipotea, kutuliza moyo, na pia kuzuia mkono usifikie kitu. Kuzuia mkono ni kipande kimoja tu, tena ndicho kigumu kabisa. Mzee akija hapa sukari iko 18 simwambii ajikaze, namuuliza akitoka job anapitia wapi.

Na wanapima aje kitu cha ndani ya kichwa?

Kuna karatasi ya maswali unajaza mwenyewe, halafu kuna michezo ya kompyuta, kwa mfano neno NYEKUNDU limeandikwa na rangi ya kijani na wewe unafaa useme rangi, si neno. Jaribu, ulimi utakusaliti. Shida ni kwamba matokeo ya karatasi na ya michezo hayalingani sana, mtu anaweza kuwa mkali kwa kompyuta na nyumbani bado anamaliza soda lita mbili. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema amepima "nidhamu" yako kwa dakika kumi, mskize tu na uende zako.

Nilisikia mtoto akishindwa kungoja peremende maisha yake yameharibika. Wangu ana miaka minne na hawezi kungoja hata chai ipoe.

Mama, shusha pumzi kwanza. Huo utafiti ni wa Walter Mischel na wenzake, Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Mtoto anaachwa kwa chumba na peremende moja laini ama biskuti mbele yake, anaambiwa ukingoja nirudi utapata mbili, basi mtu mzima anatoka kama dakika 15. Miaka ikapita wakawatafuta hao watoto, waliongoja sana wakaonekana wamefanya poa shuleni, na ndo wazazi wakaanza kutishwa.

Lakini angalia walikuwa watoto wa nani. Ilikuwa chekechea ya chuo, wengi wazazi wao ni walimu na wanafunzi wa hapo hapo. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia hesabu na watoto zaidi ya 900 wa familia za kila aina, na walipoweka ndani pesa ya nyumbani, elimu ya mama na uwezo wa mtoto tangu mdogo, ile nguvu ya peremende ikapungua vibaya sana.

Mimi utafiti wenye napenda zaidi ni wa mtafiti Celeste Kidd, 2013. Kabla ya peremende mtoto aliahidiwa rangi mpya za kuchorea. Wengine waliletewa, wengine mtu alirudi mikono mitupu akasema pole, kumbe hatuna. Wale walioangushwa walingoja dakika 3 hivi, wale walioletewa kama 12. Sasa niambie, mtoto wa ploti mwenye ameambiwa "baba akija jioni atakuletea" mara kumi na jioni inafika hakuna kitu, akimaliza andazi lake hapo hapo amekosa adabu ama amepiga hesabu?

Na nikisema andazi sitanii, juu kuna utafiti wa Bettina Lamm na wenzake wa 2018 ulilinganisha watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya Nso, wakulima kule Kameruni, na hao wa Kameruni walitegewa puff-puff, hiyo ni binamu ya mandazi yetu. Wajerumani kama 3 kati ya 10 ndo walingoja hadi mwisho, wa Nso kama 7 kati ya 10. Mtoto wa Nso analelewa kwa njia ingine, mama anategemea akae akitulia na aheshimu mkubwa, hakuna mtu alimfundisha kwa karatasi.

Fanya hivi basi: ukiahidi, leta. Kitu tamu weka juu ya kabati, usimwekee mbele ya macho ukimjaribu. Mfundishe kujisahaulisha, maana hata kule Stanford wenye walifaulu hawakuwa wanakodolea peremende, walikuwa wanaimba, wanafunika macho, wanageuza kiti. Kiboko kitamfundisha kukuogopa, kungoja ukiwa hauko hakifundishi. Sehemu ya mbele ya ubongo, yenye inasimamia haya mambo, inaendelea kukomaa hadi mtu afike miaka ishirini na kitu, kwa hivyo minne ni mapema sana kukata tamaa. Tofauti ni mtoto wa shule mwenye hatulii kabisa darasani na pia nyumbani, miezi inaenda, anaumia masomo. Huyo mpeleke akaangaliwe na daktari, kuna hali ya ubongo inaleta hivyo na iko na matibabu, si utundu.

Niko 27, nabeti kila siku. Kila usiku najiambia kesho naacha, kesho ikifika nimeweka mkeka kabla ya saa nne.

Kijana wangu, asante kwa kusema, wengi hapa wananiletea presha tu na hii hawaisemi.

"Kesho naacha" ni lengo, bado si mpango. Mjerumani mmoja, Peter Gollwitzer, amefanya kazi miaka mingi kwa hiyo tofauti: mpango unaanza na kitu utaona ama kusikia, halafu kitendo kimoja. Mshahara ukiingia kwa simu, basi kabla sijafunga hiyo meseji natuma kodi kwa keateka na elfu mbili kwa dada yangu. Si "nitakuwa makini na pesa". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walijumlisha majaribio 94 ya mipango kama hiyo, na wenye walipanga hivyo walifikisha malengo yao zaidi ya wenye walitamani tu.

Halafu kuna hii, mimi ilinibadilisha kazi. Wilhelm Hofmann na wenzake, kule Würzburg Ujerumani, waliwapa watu wazima zaidi ya 200 vifaa vya kulia siku nzima, kikilia unajibu: saa hii unatamani nini, na unajizuia? Ungedhani watu wa nidhamu ndo wanapigana na tamaa kutoka asubuhi hadi jioni. Kumbe walikuwa na vita chache kuliko wengine. Yaani walikuwa wameshapanga siku yao wasikutane na kitu. Mimi mwenyewe chai ya saa nne na mandazi mbili za kibanda cha geti la mbele zilinishinda miaka, sikuacha kwa kuomba nguvu, nilianza tu kutumia geti la nyuma, na siku mvua ikinyesha nikilazimika kupita mbele bado nanunua.

Kwa hivyo toa apu kwa simu, toka kwa lile grupu la kutumiana mikeka hata kama ni mabeshte, ulizia namna ya kufungiwa akaunti, na pesa ikae na mtu mwenye hutamdanganya. Hamu ikikushika usibishane nayo, inapanda kama wimbi halafu inashuka, toka nje utembee ipite. Na kama umefika pahali unakopa ili urudishe yenye umepoteza na unaficha watu wa nyumbani, hiyo Shirika la Afya Duniani linaitambua kama ugonjwa, tafuta mshauri wa mambo ya uraibu, usingoje uuze kitanda.

Ati ile nguvu ya kujizuia huisha jioni kama bando?

Hiyo ilianza na mtafiti Roy Baumeister mwaka 1998. Watu waliwekwa karibu na biskuti za chokoleti zinanukia freshi, wengine wakaambiwa wao wale figili tu, mboga fulani kali ya mzizi, na baadaye wale wa figili wakaachana na fumbo gumu haraka kuliko wenzao. Stori tamu na ikazunguka dunia yote. Halafu 2016 maabara 23 zikajaribu wazo hilo pamoja na watu zaidi ya 2,000, wakitumia jaribio lingine, na hawakupata karibu kitu. Kwa hivyo usijiambie bando imeisha ndo uagize chipo. Chenye huwa kinaharibu kweli ni kukosa usingizi. Mtu anaamka saa kumi usiku awahi mathree, analala saa sita, huyo hata akimtukana boss wake simshangai.

Tabia mpya ni siku 21?

Hapana. Phillippa Lally na wenzake, London, 2010, walifuata watu 96 wakijenga tabia mpya: mtu wa katikati alichukua kama siku 66, mwenye haraka 18, mwingine hesabu ilionyesha angehitaji 254. Kunywa maji kulizoeleka haraka, mazoezi yakachukua muda. Na ukiruka siku moja hujaharibu kitu, endelea tu kesho.

Hizi zote ni za wazungu. Huku kwetu?

Ziko, na zingine ni kali kuliko zao. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na vyama vya kuweka akiba magharibi mwa Kenya, matokeo yakatoka 2013. Watu walipewa sanduku la kufuli kama kibubu na ufunguo wake pia, yaani unaweza fungua wakati wowote, na bado matumizi yao kwa mambo ya kujikinga na magonjwa yalipanda kwa asilimia 66 hadi 75. Sanduku halikuwazuia kwa nguvu, ni vile pesa iliyo kwa sanduku unaweza kumwambia shemeji "imepangiwa", ile ya mfukoni huwezi.

Yenye naipenda kabisa ni ya meseji. Wagonjwa 538 wanaoanza ARV, dawa za HIV, kwa kliniki tatu Kenya, nusu yao kila wiki wanatumiwa neno moja kutoka kwa nesi: "Mambo?" Unajibu "Sawa" ama "Shida" ndani ya masaa 48, na ukisema shida ama unyamaze unapigiwa simu. Basi, ni hiyo tu, hakuna mahubiri ya kumeza dawa. Kwa jarida la Lancet 2010 waliandika kwamba wa meseji waliosema wanameza dawa sawasawa ni asilimia 62, wengine 50, na virusi pia vilishuka kwa wengi zaidi upande wa meseji. Nafikiri ni juu mtu aliulizwa hali, hakuulizwa kosa. Ukiwa na mgonjwa wa sukari nyumbani jaribu kumuuliza hivyo badala ya kumhesabia vijiko.

Hasira inanimaliza, konda akikaa na chenji yangu nawaka gari nzima.

James Gross, mtafiti wa mambo ya hisia, ametofautisha njia mbili. Moja ni kumeza hasira, uso unatulia lakini mwili ndani unaendelea kuchemka. Ya pili ni kugeuza venye unaliangalia jambo kabla halijapanda: huyu gari nzima inamwitisha chenji, amesahau, namkumbusha kwa steji. Ya pili huwa na afya zaidi, ingawa kama mtu anakuonea kila siku usiitumie kujidanganya hakuna kitu. Pumzi pia husaidia, polepole kutoka tumboni, na ufanye mazoezi ukiwa umetulia maana ukianzia kwa ugomvi hutakumbuka. Hapa Nairobi kuna jaribio, matokeo yake yalitoka 2017, wanawake 421, wengi wamepitia dhuluma, na nusu yao wakafundishwa na wahudumu wa afya ya jamii kwa vikao vitano tu: kupumua, kugawa shida vipande, kurudia shughuli, kutafuta watu. Msongo wao ulishuka kuliko wale wa huduma ya kawaida. Hawakuhitaji daktari wa ofisi kubwa.

Wakiniomba niingie utafiti kama huo nikubali?

Uamuzi ni wako, lakini uliza kwanza. Wako na kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na utafiti, na cha kamati ya maadili? Watakueleza kwa lugha unaelewa kabla utie sahihi? Unaweza kutoka katikati bila kunyimwa matibabu, na wakisema huwezi, inuka uende. Kurudishiwa nauli ni sawa. Na nakala ya ile karatasi ya ridhaa ni yako, usiiache kwa meza yao.

Nikitaka kuacha pombe nianze na hizi mbinu?

Kama unakunywa wikendi, sawa. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka hadi uonje kidogo, usiache ghafla peke yako nyumbani. Kuacha hivyo kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa. Njoo hospitali uachishwe ukiangaliwa na dawa ziko, ama piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni ya bure. Ukija kwetu njoo asubuhi na mapema kabla foleni haijajaa, na uje na mtu.