Alzheimer si uzee tu
Mtu mzima akianza kupoteza kumbukumbu, wengi husema ni umri tu. Si kila mara: huenda ni Alzheimer. Mgonjwa wa kwanza kuelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer, mwaka 1906, alilazwa akiwa na miaka 51. Huu ni ugonjwa: protini za amiloidi na tau hurundikana ubongoni, seli zikafa, na kumbukumbu mpya ndizo hutangulia kupotea. Ndiyo maana mgonjwa husimulia harusi yake vizuri lakini hajui kama amekula. Akirudia swali lilelile, tafadhali usimgombeze. Kwake ndiyo kwanza anauliza. Mjibu kwa sentensi fupi, ukimtazama usoni. Kubishana humtia hofu bure. Wakati wa kumvalisha, mshikie shati, aingize mkono mwenyewe, hata akichelewa.