Kipindi cha Dini na Neno "Hiari"

Mwezi Julai, katika zile siku ambazo ukungu wa Uyole, hapa Mbeya, hauondoki mpaka saa nne, mama mmoja alifika ofisini kwangu akiwa ameongozana na mwanawe wa darasa la tano. Ilikuwa Ijumaa. Soksi za mtoto zilikuwa zimelowa, na mikono ya sweta lake ilikuwa na tope hadi kwenye viwiko. "Wakili," mama alisema, "kila Ijumaa wenzake wakiingia kipindi cha dini, huyu anapewa ndoo." Shule anayosoma mtoto huyo ni ya serikali. Ustadhi aliyekuwa akija kufundisha watoto wa Kiislamu alihamia Tunduma, na watoto hao wachache waliambiwa wachague mojawapo: wakae na wenzao wa Kikristo, au wamwagilie maua yaliyo mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Je, shule ya serikali inavunja sheria inapomfanyia mtoto hivyo? Tangu siku ile nimeulizwa swali hilo kwa sura nyingi, na wazazi wa imani mbalimbali, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu.

Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Wapo wanaoyasoma maneno hayo kama amri ya kuifuta dini katika shule za umma, nami sikubaliani nao. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini yake, kisha inasema kwamba kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni "jambo la hiari ya mtu binafsi", na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwalimu mkuu wa shule ya serikali, anapopanga ratiba na kutoa adhabu, ni sehemu ya mamlaka hayo. Anaweza kumfungulia ustadhi au katekista mlango wa darasa, lakini hana uwezo wa kumpangia mtoto imani.

Kipindi chenyewe kina historia ndefu katika nyanda hizi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Wamisionari wa Consolata walifika Iringa mwaka 1919. Kwa miongo mingi shule na kanisa vilikaa katika kiwanja kimoja, na mtoto aliyetaka kusoma alipitia mikononi mwa misheni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyoipa serikali nguvu ya kuzitwaa shule hizo, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ndiyo inayotuongoza hadi leo pamoja na marekebisho yake. Majengo yalipata mmiliki mpya, lakini kipindi cha dini kilibaki kwenye ratiba, kikifundishwa kwa sehemu kubwa na watu wanaotumwa na madhehebu yao.

Somo la dini linalotahiniwa na Baraza la Mitihani ni jambo jingine, kwa sababu mwanafunzi hulichagua kama anavyochagua masomo mengine ya hiari. Ugumu uko kwenye kipindi cha malezi ya dini na kwenye sala ya mstarini, ambako hakuna fomu ya kuchagua na mtoto hujikuta amechaguliwa.

Katika hili Mbeya ina hukumu yake yenyewe, na inanisikitisha kuona jinsi inavyojulikana na walimu wachache. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mbeya, iliamua rufaa ya wanafunzi 127 wa imani ya Mashahidi wa Yehova, waliochukuliwa hatua za nidhamu kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa kwa sababu ya imani yao. Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia. Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua jambo linalofanana na hilo mwaka 1943, kuhusu watoto waliokataa kuisalimu bendera, na ya India mwaka 1986, kuhusu watoto watatu wa Kerala waliosimama kwa heshima wimbo ulipoimbwa lakini wao hawakuimba. Ninavyoisoma hukumu yetu, fimbo ya nidhamu haiwezi kutumika kufungua kinywa ambacho dhamiri imekifunga. Ikiwa ni hivyo kwa wimbo wa taifa lote, sioni inavyoweza kuwa vinginevyo kwa sala ya dhehebu moja.

Ndiyo maana, mzazi anaponiuliza kama shule imevunja sheria, mimi huuliza kwanza mtoto analipa nini anapokataa. Hiari inayolipiwa kwa ndoo ya maji imekwisha kuwa adhabu. Mtoto anayesimama peke yake koridoni huku wenzake wakimchungulia dirishani naye analipa, na anayeambiwa mbele ya darasa aeleze kwa nini hasali amelipa zaidi. Walimu wengi ninaozungumza nao hawana nia mbaya hata kidogo. Wana madarasa yaliyojaa na walimu wasiotosha, na bustani inaonekana kuwa mahali salama pa kumweka mtoto asiye na kundi. Hata hivyo, anayebeba ndoo ni yule yule kila wiki.

Hata mwili wa mtoto unaweza kubeba imani yake. Ng'ambo ya Mto Songwe, mwaka 2023, Mahakama Kuu ya Malawi iliamua kwamba watoto wa Kirastafari wasizuiwe kuingia shule za umma kwa sababu ya nywele zao. Hukumu hiyo haitufungi, lakini wakili anaweza kuiweka mbele ya majaji wetu kama hoja ya ushawishi.

Kuhusu nani asemaye kwa niaba ya mtoto, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika Ibara ya 14, unautambua uhuru wa mtoto mwenyewe na pia haki ya wazazi kumwongoza kadiri uwezo wake unavyokua. Kwa mtoto wa darasa la tano, barua ya mzazi inatosha. Kwa binti wa kidato cha tano, ningependa shule imsikilize yeye kwanza.

Barua tuliyoiandika kwa yule mwalimu mkuu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Hatukutishia kwenda mahakamani; tuliitaja Ibara ya 19 na hukumu ya mwaka 2013, tukaomba watoto wasio na mwalimu wa dini wakae katika darasa lililo wazi, chini ya mwalimu wa zamu, wakijisomea. Mwalimu mkuu alikubali, na kwenye ratiba iliyobandikwa ubaoni, chini ya "Dini", ameongeza mstari kwa kalamu ya wino: "Kujisomea, chumba cha darasa la tatu B".