Mtepe, kusi na rubani wa Malindi: tunayoyakosea kuhusu ubaharia wa Pwani

Historia ya bahari yetu husimuliwa mara nyingi kama orodha ya wageni. Mwarabu akaleta jahazi, Mreno akaleta ramani, Mchina akaja kuchukua twiga. Mwenyeji yeye yupo ufukweni, anapokea. Inaniuma kuona simulizi hiyo ikirudiwa hadi leo, maana ushahidi wa kuipinga upo mwingi. Hapa chini nanukuu dai moja moja, kisha nalijibu.

"Vyombo vyote tulifundishwa na wageni"

Mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Hizo ni karne nyingi kabla ya Uislamu kuingia. Ufundi huo wa kushona uliendelea kwa mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, kilichokuwa bado kinasafiri mwanzoni mwa karne ya 20.

Mtepe haukuwa na msumari. Fundi alipanga mbao ukingo kwa ukingo, akatoboa matundu kwa keke, akapitisha kamba ya makumbi ya nazi na kuivuta mpaka ikakaza, kisha akaziba kila tundu. Mlingoti ulikuwa mmoja na tanga lilikuwa la mkeka, la pembe nne, si lile la pembetatu tunaloliona kwenye jahazi. Omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, lilichomoza, na wenyewe walisimulia kwamba ni shingo ya ngamia wa Mtume.

Ni kweli kwamba jahazi la misumari lina mengi ya Arabuni na India, na ngalawa yenye mbao mbili za pembeni ina nasaba na vyombo vya watu wa Asia ya Kusini Mashariki, ndugu wa wale waliohamia Madagaska. Wenyeji waliazima na wakaazimwa. Hakuna bandari ya Bahari ya Hindi isiyofanya hivyo.

"Walishona kwa sababu hawakuwa na chuma"

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, na ndilo dhaifu zaidi. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba chuma cha Sofala, katika Msumbiji ya leo, kilinunuliwa na kupelekwa India. Watu waliouza chuma ng'ambo wasingeshindwa kufua msumari.

Sababu aliieleza Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331: bahari hii ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ila kilichoshonwa hujikunja kidogo na kunusurika. Pwani yetu ni ya kupwa na kujaa. Chombo hukalishwa mchangani, hupakiwa boriti, kisha husubiri maji. Umbo linalojipinda lilifaa kazi hiyo, na kamba ikikatika ilibadilishwa papo hapo kwa makumbi ya kijijini. Ubaya wake ulikuwa kuvuja. Mabaharia wa mtepe walifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, safari nzima, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyoufanya ushindwe na majahazi ya misumari.

"Vasco da Gama aligundua njia ya kwenda India"

Tazama tarehe tu. Tarehe 24 Aprili 1498 aliondoka Malindi akiwa na rubani, yaani mwelekezi wa njia ya bahari, aliyepewa na mfalme wa mji huo. Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ilikuwa inaanza. Tarehe 20 Mei alitia nanga Calicut, India. Wakati wa kurudi aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, haijashika. Safari ya chini ya mwezi mmoja ikawa ya karibu miezi mitatu. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kikaua watu wengi kiasi kwamba, baada ya kufika Malindi tarehe 7 Januari 1499, Wareno waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Njia ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walijua majira yake.

Kuyajua majira hayo si jambo dogo. Kuna wanaodhani upepo ulimsukuma mtu tu, kaskazi akaja, kusi akaenda. Kusi ya katikati ya mwaka ni kali mno, na bandari nyingi za magharibi mwa India zilifungwa wakati huo. Nahodha wa kwenda India alitoka mapema, au alingoja demani, kusi inapolegea. Akikosea wiki chache, alikwama ugenini hadi msimu mwingine.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana zipo dhana potofu zinazotupendeza. Wengi tumesoma kwamba rubani yule wa Vasco da Gama alikuwa Ahmad ibn Majid. Ibn Majid alikuwa baharia mkubwa kweli, mtu wa Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo. Lakini anayemtaja ni al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo mingi baadaye. Wanahistoria wa Kireno wa karne ya 16 wanasema rubani alikuwa mtu wa Gujarati. Vivyo hivyo sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia: hazithibitishi kwamba Waswahili walifika huko, kwa sababu sarafu hupita mikono mingi. Tuna ushahidi ulio imara zaidi. Mreno Tomé Pires, mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja watu wa Kilwa, Malindi, Mombasa na Mogadishu miongoni mwa wafanyabiashara waliokuwa Malaka, bandari ya Malaysia ya leo.

"Meli iliyozama ni dhahabu inayosubiri mwenye bahati"

Mbele ya Fort Jesus ilizama merikebu ya kivita ya Kireno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Wapigambizi wa akiolojia waliichunguza kati ya 1977 na 1980. Walipata mitungi, vyombo vya kulia, mizinga na vitu vya matumizi ya mabaharia. Merikebu yenyewe iliundwa Bassein, India, kwa hiyo hata "meli ya Kireno" ilitoka mikononi mwa mafundi wa bahari hii. Mbao zake zilipimwa, zikachorwa, kisha zikaachwa chini ya mchanga, kwa sababu ubao uliokaa majini karne tatu husinyaa na kupasuka ukikaushwa ovyo.

Kwa hiyo mvuvi akiona mtungi au mizinga chini ya maji, asivitoe. Ashike alama za nchi kavu ili aweze kurudi mahali hapo, kisha awaarifu watu wa makumbusho. Kwa Kenya, mabaki ya aina hiyo yanalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006.