Aleli inayojificha inaweza kuwa ndo nyingi kuliko zote

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kufundisha jenetiki ni hili: kama O inajificha mbele ya A na B, mbona watu wa kundi la damu O ni wengi namna hii? Nalipenda sana swali hili kwa sababu anayeliuliza ameshakaa akafikiri, na kosa lililomo ndani yake nakutana nalo kila mahali, hata kwa watu waliosoma baiolojia miaka mingi. Wanachanganya kutawala na kuwa nyingi. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na njia pekee ninayoijua ya kumwelewesha mtu ni kukaa naye tukahesabu, hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu kwa hiyo usikimbie.

Kwanza maneno. Mwaka 1909 mwanasayansi wa Denmark, Wilhelm Johannsen, ndo alitupa maneno jeni, jenotaipu na fenotaipu, na alitenganisha haya mawili ya mwisho makusudi kwa sababu watu walikuwa wanaona sifa halafu wanadhani wameshaona urithi. Jenotaipu ni kile ulichorithi chenyewe, yani zile aleli mbili ulizonazo kwenye jeni fulani, moja ya baba moja ya mama. Aleli ni toleo la jeni, jeni ni ile ile ila maandishi yake yamepishana kidogo. Fenotaipu ni kile kinachoonekana au kinachopimika: kundi la damu, umbo la mbegu, ugonjwa upo au haupo. Aleli zako mbili zikifanana wewe ni homozaigoti, zikipishana ni heterozaigoti. Na tukisema aleli ni tawala tunamaanisha jambo moja tu, kwamba ikikaa na aleli nyingine ndani ya mtu mmoja yenyewe ndo inaonekana, na ile isiyoonekana ndo tunasema inajificha. Basi. Hatujasema ni bora, hatujasema ina nguvu, hatujasema imeenea. Akondroplasia, ile hali inayofanya mikono na miguu ya mtu iwe mifupi, inaletwa na aleli tawala na bado ni nadra sana duniani kote.

Sasa rudi kwenye damu. Fenotaipu ziko nne: A, B, AB na O. Jenotaipu ziko sita: AA, AO, BB, BO, AB na OO. Maabara ya kawaida ikikupima inakupa fenotaipu, haikwambii kama wewe wa kundi A ni AA au AO. Hapo ndo matatizo ya watu yanapoanza na hapa naomba niseme taratibu, maana nimeshaona ndoa zikitikisika kwa sababu ya kipande hiki kidogo cha elimu kukosekana. Baba kundi A, mama kundi A, mtoto kazaliwa O, watu wanaanza kunong'ona.

Tuchukue mfano wa jamii ambayo aleli zake zimegawanyika hivi: O ni asilimia 70, A ni 20, B ni 10. Namba nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Ili uwe kundi O lazima upate O pande zote mbili, 0.7 mara 0.7, unapata 0.49. Karibu nusu ya watu wote ni kundi O na aleli yenyewe ni ya kujificha! Kundi A linapatikana kwa AA, ambayo ni 0.2 mara 0.2 yani 0.04, na kwa AO, ambayo ni 0.2 mara 0.7 halafu mara mbili kwa sababu A inaweza kutoka kwa baba au kwa mama, inakuwa 0.28. Jumla ya kundi A ni 0.32. Angalia vizuri hapo: kati ya kila watu 8 wa kundi A, 7 wamebeba O ndani yao na hawajui. Ukikutanisha wazazi wawili wa kundi A kwenye jamii hiyo, uwezekano wa mtoto wao kuwa O ni 7/8 mara 7/8 mara 1/4, ambayo ni kama asilimia 19. Karibu mtoto mmoja kati ya watano! Hakuna mtu aliyemkosea mtu hapo. Hata mzazi wa A na mzazi wa B wanaweza kupata mtoto wa kundi lolote kati ya yale manne kama wao ni AO na BO.

Na kuna hali nadra zaidi, iliyoelezwa mwaka 1952 huko Bombay India, ambapo mtu anaonekana O kwenye kipimo wakati ana aleli ya A au B, ila jeni nyingine inayotengeneza msingi ambao A na B hujengwa juu yake haifanyi kazi. Jeni moja inafunika nyingine. Ndo maana mimi sitakaa nitumie kundi la damu peke yake kumhukumu mtu kuhusu mtoto wake, na wewe usifanye hivyo.

Kwenye selimundu nako kuna kosa jingine. Wazazi wote wawili ni AS, yani kila mmoja ana aleli moja ya kawaida (A, hii siyo A ya kundi la damu) na moja ya selimundu (S), wanaambiwa robo ya watoto watakuwa SS, yani wagonjwa, basi wanadhani wakizaa wanne mmoja ataumwa na watatu watakuwa salama, na wakishapata mgonjwa mmoja wanapumua wakidhani zamu imeshapita. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Kila mimba inaanza upya na uwezekano wake wa 1/4. Uwezekano wa watoto wanne wote kutokuwa SS ni 3/4 mara 3/4 mara 3/4 mara 3/4, unapata kama asilimia 32, na wapo pia wenye wawili au watatu wanaoumwa. Robo ni wastani wa familia nyingi ukizikusanya pamoja, haiahidi chochote kwa familia moja. (Na kuhusu AS, ukiuliza nani anaumwa utasema S inajificha, ila ukipima himoglobini ya mtu wa AS unazikuta zote mbili, A na S, kwa hiyo kutawala kunategemea umeangalia nini.)

Frikwensi sasa, yani kitu kimeenea kwa kiasi gani kwenye jamii. Unahesabu jenotaipu, unahesabu fenotaipu, au unahesabu aleli, na kila moja inakupa jibu lake. Napenda kutumia kundi la damu la M na N, ambalo ni mpangilio mwingine mbali na ule wa A, B na O, kwa sababu pale hakuna anayejificha, MN anaonekana kuwa MN. Tuseme umepima watu 500 ukapata MM 180, MN 240, NN 80. Kila mtu ana aleli mbili kwa hiyo kapu lina aleli 1,000. Za M ni 360 kutoka kwa MM na 240 kutoka kwa MN, jumla 600, frikwensi 0.6. N ni 0.4. Sasa jamii ya pili, watu 500 pia: MM 210, MN 180, NN 110. Hesabu. M ni 420 na 180, jumla 600 tena! Aleli zile zile kwa kiasi kile kile, ila zimefungashwa tofauti.

Kati ya jamii hizi mbili, ipi ndo tungetarajia kuikuta? Jibu lilipatikana mwaka 1908. Punnett, mwanajenetiki wa Cambridge, alipeleka swali kwa rafiki yake wa hisabati G. H. Hardy, kwa sababu palikuwa na hoja kwamba sifa tawala ingekuwa inaongezeka kizazi hadi kizazi mpaka ifike robo tatu ya watu. Hardy akaonyesha kwa mistari michache kwamba haiongezeki, na daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg alikuwa amefikia jibu lile lile mwaka huo huo. Watu wakioana bila kujali aleli hizo, jamii ikiwa kubwa, hakuna uteuzi (yani hakuna aleli inayomfanya mtu aishi au azae zaidi ya wengine), hakuna wahamiaji, hakuna mabadiliko mapya ya jeni, basi frikwensi za aleli zinabaki palepale na, ukiita frikwensi ya aleli moja p na ya nyingine q, jenotaipu zinakuwa p mara p, mbili mara p mara q, na q mara q. Kwa p ya 0.6 unapata 0.36, 0.48 na 0.16, ambayo kwa watu 500 ni 180, 240 na 80. Jamii ya kwanza inakaa sawasawa. Ya pili imepungukiwa na MN 60, na hapo ndo kazi yangu inapoanza, kuuliza kwa nini: ndugu wanaoana? tumechanganya jamii mbili tofauti kwenye orodha moja? au kipimo kinakosa kusoma aleli moja na MN wanaandikwa kama MM? Mimi huanza na kipimo, maana mara nyingi ndicho chenye kosa.

Utamu wenyewe uko kwenye kurudi nyuma, kutoka fenotaipu kwenda kwenye aleli. Tuseme ugonjwa fulani wa aleli ya kujificha unampata mtu 1 kati ya 10,000. Hiyo ni q mara q, kwa hiyo q ni 0.01, na wabebaji, yani wenye aleli moja ya ugonjwa ila wenyewe hawaumwi, ni mbili mara 0.99 mara 0.01, karibu 0.02. Mtu 1 kati ya 50! Kwenye hao 10,000 mgonjwa ana aleli 2 na wabebaji wanazo 198, yani asilimia 99 ya aleli zote ziko kwa watu wasioumwa kabisa na wasiojijua. Ndo maana aliyekwambia magonjwa haya yataisha kwa wagonjwa kutozaa hajahesabu: hata kama hakuna mgonjwa hata mmoja atakayezaa, kuishusha q kutoka 0.01 hadi 0.005 kunahitaji vizazi 100, na kizazi kikiwa miaka 25 hiyo ni miaka 2,500.

Halafu kuna dada wa mgonjwa, yeye mzima, anauliza uwezekano wa kuwa mbebaji. Karibu wote wanajibu nusu. Jibu ni 2/3, kwa sababu watoto wa wabebaji wawili wako mafungu manne, moja la wagonjwa, mawili ya wabebaji na moja la wasiobeba kitu, na tumeshajua haumwi, lile fungu la wagonjwa limeondoka, yamebaki mafungu matatu na mawili kati yake ni wabebaji. Gregor Mendel, yule mtawa aliyeanzisha jenetiki, aliliona hili kwenye njegere zake na kulichapisha mwaka 1866: kati ya mimea 565 iliyoota kutoka mbegu za mviringo za kizazi cha pili, 193 ilizaa za mviringo tu na 372 ilizaa za mviringo na zenye mikunjo. Moja kwa mbili karibu kabisa, na mbegu zile zote ukizitazama kwa macho zilikuwa sawa.

Kwa hiyo huyu dada akiolewa na mtu asiye ndugu yake, hesabu ni 2/3 mara 1/50 mara 1/4, unapata 1 kati ya 300 kwa kila mimba. Ni kubwa zaidi ya mara 30 kuliko ile 1 kati ya 10,000 ya watu wengine, na bado mimba 299 kati ya 300 hazitakuwa na ugonjwa. Nikimweleza mtu huwa nampa namba zote mbili kwa pamoja, halafu tunazungumza kuhusu kumpima mume kwanza.