Fedha za Tabianchi: Kabla ya Kuandika Andiko, Jua Nani Anaruhusiwa Kuomba

Maandiko mengi ya miradi ya tabianchi hukwama kabla hata hayajasomwa. Kikundi cha wakulima kinauandikia moja kwa moja Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, maarufu kama GCF. Mwanafunzi wa uzamivu anaomba fedha za kwenda uwandani kwenye mfuko ambao kazi yake ni kugharimia kuta za kuzuia bahari na mabwawa ya kuvuna maji. Wazo linaweza kuwa zuri kabisa, lakini mfuko haupokei ombi kutoka kwa mwombaji wa aina hiyo, basi. Sisi tunaowashauri waombaji tungependa watu watumie wiki ya kwanza kuuliza nani anaruhusiwa kuomba, ndipo waanze kuandika.

Fedha zipo, ingawa hazitoshi. Mwaka 2009, katika mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi zenye uchumi mkubwa, ahadi hiyo ilitimia 2022, miaka miwili baada ya muda wake. Mwaka 2024, Baku, likawekwa lengo jipya la angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Msomaji asidhani kwamba hizo zote ni ruzuku. Sehemu kubwa ni mikopo, na sehemu kubwa huenda kwenye kupunguza gesi joto. Kazi ya kuhimili athari za mabadiliko ya tabianchi hupata kidogo: UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kuwa fedha za umma zilizokwenda nchi zinazoendelea kwa ajili hiyo mwaka 2022 zilikuwa kama dola bilioni 28, ilhali pengo lilikadiriwa mwaka 2024 kuwa kati ya dola bilioni 187 na 359 kila mwaka.

Tuanze na GCF, kwa kuwa ndio unaotajwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Ulianzishwa 2010 katika mkutano wa tabianchi wa Cancun, Mexico, na makao yake yako Songdo, Korea Kusini. Umejiwekea lengo la kugawa fedha zake nusu kwa nusu kati ya kupunguza gesi joto na kuhimili athari, na angalau nusu ya fungu la kuhimili ziende kwa nchi zilizo hatarini zaidi: zile maskini kuliko zote, visiwa vidogo na nchi za Afrika. Ila hakuna kikundi, chuo wala mtu binafsi anayeuletea andiko moja kwa moja. Andiko hupitia taasisi iliyopata ithibati ya mfuko, ambayo inaweza kuwa wizara, benki, shirika la Umoja wa Mataifa au asasi kubwa ya kiraia. Tena lazima mamlaka iliyoteuliwa na nchi itoe barua ya kutokuwa na pingamizi. Kwa hiyo ukiwa na wazo la kupeleka kwenye mfuko huu, mtu wa kwanza kuzungumza naye yuko nchini mwako, kwenye ofisi ya hiyo mamlaka. Majina ya mamlaka na ya taasisi zenye ithibati yako wazi kwenye tovuti ya mfuko.

Upo utaratibu uliorahisishwa kwa miradi yenye athari ndogo kwa mazingira na jamii, ambapo mfuko huchangia hadi dola milioni 25. Upo pia msaada wa kuandaa mradi, hadi dola milioni 1.5, unaolipia upembuzi yakinifu na tathmini nyingine. Hata hivyo, kutoka wazo hadi idhini huchukua muda mrefu, na miaka miwili si ajabu. Kwa maoni yangu, taasisi ambayo haijawahi kusimamia ruzuku ya kigeni na kukaguliwa hesabu zake haina haja ya kuanzia hapa.

Mfuko wa Kuhimili, ambao kwenye nyaraka huitwa Adaptation Fund, una historia yake. Ulizaliwa na Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi joto, na ukapewa asilimia 2 ya hati za kaboni, yaani hati za kuuzwa zilizotolewa kwa miradi ya nchi zinazoendelea iliyopunguza gesi joto. Bei ya hati hizo ilipoporomoka, ukabaki kutegemea zaidi michango ya hiari ya serikali. Ndio ulioonyesha kwamba taasisi ya nchi inayoendelea inaweza kupokea na kusimamia fedha hizi bila kupitia shirika la kimataifa. Taasisi ya kwanza kupewa nafasi hiyo ilikuwa Centre de Suivi Ecologique ya Senegal, mwaka 2010. Jambo ambalo waombaji wengi hawalijui ni kwamba mfuko huu hugharimia kazi ya kuhimili kwa ukamilifu wake na hauwalazimishi kutafuta mfadhili mwenza. Kwa anayehangaika kutimiza masharti ya uchangiaji kwingineko, hiyo ni nafuu kubwa.

Vikundi vya kijamii na asasi ndogo zina pa kwenda pa kwao: Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, mfuko wa dunia wa mazingira. Ilianza 1992 na kwa miaka mingi imeendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi ukomo wake wa kawaida ulikuwa dola 50,000 kwa mradi. Uamuzi hufanywa na kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi hutoka nje ya serikali, na mchango wa kikundi unaweza kuwa nguvu kazi, ardhi au vifaa. Miongozo yake inaruhusu hata wazo kuwasilishwa kwa video au kwa lugha ya wenyeji, jambo ambalo mifuko mikubwa ingepaswa kuliiga. Na mradi mdogo uliofungwa vizuri, wenye taarifa ya fedha iliyokaguliwa, ndio unaokubeba unapoomba fedha nyingi zaidi baadaye.

Watafiti wana njia yao. Mifuko niliyoitaja hadi hapa hailipii utafiti kwa ajili ya utafiti. Anayetaka kujua jinsi mbegu fulani inavyostahimili joto, na kuishia hapo, aelekee kwa wafadhili wa sayansi. IDRC, kituo cha Kanada cha kufadhili utafiti wa maendeleo, imekuwa ikifadhili utafiti wa kuhimili kwa miaka mingi, na pamoja na Uingereza inaendesha CLARE, programu ya utafiti wa kuhimili. Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya ya 2021 hadi 2027, hulipa pia taasisi za nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, ila kwa kawaida unaingia kama mshirika katika kundi lenye angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja huo au zinazoshirikiana nao. Kundi la namna hiyo haliundwi wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi zinazoendelea, IPCC, jopo la kimataifa la tathmini ya sayansi ya tabianchi, ina ufadhili wa masomo uliotokana na fedha za Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2007. TWAS, akademia ya sayansi yenye makao Trieste, Italia, husaidia wanasayansi wa nchi zinazoendelea, na OWSD, jumuiya ya wanasayansi wanawake wa nchi hizo, huwafadhili wanasayansi wanawake.

Njia ambayo watafiti huisahau ni kuingia ndani ya mradi wa kuhimili wenyewe. Kila mradi unahitaji tathmini ya hatari, takwimu za awali na ufuatiliaji wa matokeo. GCF hutoa hadi dola milioni 3 kwa nchi kuandaa mpango wake wa taifa wa kuhimili, na humo kuna kazi nyingi ya kitafiti. Chuo kinachosubiri tangazo la zabuni kitakuta wengine wamekwisha kukubaliana na mamlaka husika.

Sasa niseme juu ya kinachowaangusha wengi waliokwisha kufika mahali sahihi. Andiko linaeleza umaskini, linaeleza uhaba wa maji, kisha linaomba visima. Huo ni mradi wa maendeleo, na mpimaji atauliza: tabianchi imefanya nini hapa? Jibu la "mvua siku hizi hazitabiriki" halitoshi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia miaka 30 kama kipimo cha hali ya kawaida, na kwa sasa kipindi cha rejea ni 1991 hadi 2020. Onyesha eneo lako limebadilikaje likilinganishwa na kipimo cha namna hiyo. Kama kituo cha hali ya hewa kiko mbali, takwimu za bure zipo: CHIRPS inatoa makadirio ya mvua tangu 1981 kwa miraba ya takriban kilomita 5, na ERA5, takwimu za hali ya hewa za dunia nzima, inarudi nyuma hadi 1940. Makadirio ya miaka ijayo yanapatikana kwenye Atlasi ya IPCC.

Baada ya takwimu, tenganisha sababu. Kisima kinaweza kukauka kwa ukame, kwa pampu nyingi zilizowekwa karibu yake, au kwa vyote viwili. Anayekiri kwamba sehemu ya tatizo ni pampu, akaonyesha sehemu iliyoletwa na ukame na jinsi itakavyokua, huaminika kuliko anayeitupia tabianchi kila kitu. Halafu eleza tishio ni lipi, nani wako kwenye njia yake, na kwa nini hao huumia kuliko wengine. Ndipo visima vitajwe, tena kwa kina na idadi inayotokana na makadirio ya miaka ijayo, maana kisima kilichopimwa kwa mvua za zamani kitakauka kama vilivyokauka vingine.

Kuhusu bajeti, soma ukomo wa gharama za uendeshaji kwenye kila mwito wa maombi, kwa sababu hutofautiana na kuuvuka kunatosha kukuondoa.

Jambo la mwisho ni matapeli. Ukipata barua pepe au ujumbe wa simu unaosema GCF imekuchagua wewe binafsi upokee ruzuku, na kwamba utume kwanza ada ya usajili, usijibu. Mfuko huo hautoi ruzuku kwa mtu binafsi. Anayetumia jina la Programu ya Ruzuku Ndogo, mhakiki kwa mratibu wake wa kitaifa, ambaye kwa kawaida hupatikana kupitia ofisi ya UNDP nchini.